Milamula ya Baba Mdogo

Jirani yangu hapa Nshambya, Bukoba mjini, amenunua mulamula. Ameuotesha kwenye kopo la rangi, akaupanga barazani pamoja na maua yake mengine, na kila jioni anaumwagilia maji kwa huruma, kana kwamba ni mmea unaoweza kufa. Muuza maua alimtajia jina la kigeni, nami sikumsahihisha. Yeye ametoka mbali, hawezi kujua kwamba kwetu mulamula haukai barazani. Kwetu unasimama mpakani: pale ulipo ndipo pangu panapoishia na pako panapoanzia. Mbuzi hali majani yake, moto wa kiangazi unaupitia ukabaki, na kipande chake ukikitupa kinaota hapohapo kilipoangukia. Ukiamka ukaukuta mahali ambapo jana haukuwepo, hunywi chai kwanza, unakwenda kumwita mwenyekiti wa kitongoji.

Wiki nzima nimelipita lile kopo nikilitazama kwa jicho la pembeni, nikijiuliza jirani anataka nini. Mume wangu anacheka, anasema nimezaliwa na shaka. Hapana, nilifundishwa. Nikisalimiwa mara mbili kwa siku na mtu yuleyule najiuliza ana lipi moyoni, na mgeni akiusifu mparachichi wangu nausogelea kuulinda. Haya yote niliyapata mwaka ule baba alipofariki, kwenye kilima chetu kule Muleba, na mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mama.

Nyumba yetu ilikuwa ndani ya kibanja, shamba la ukoo: migomba juu, mibuni chini yake, maharage chini ya mibuni, na makaburi ya wazee karibu na ua. Nyuma ya kibanja mteremko ulipanda hadi kwenye rweya, ile nyika ya majani matupu inayofunika mgongo wa kilima, na ukifika juu kabisa unaliona ziwa lote na visiwa vyake. Nilikuwa mtoto pekee, tena wa kike. Siku baba alipozikwa niliwasikia wanawake jikoni wakisema kwa sauti ya chini kwamba matanga yakiisha wazee wa ukoo watakuja kutembea mipaka na kusema nani atabaki na nini, maana binti harithi kibanja, na mjane anakaa kwa hisani. Nilidhani hisani ni chumba kidogo ambacho mama angehamishiwa, nikaanza kukitafuta nyumba nzima.

Mama yeye alijua maana yake, na tangu siku hiyo aliacha kumwamini mtu. Alifunga mlango wa nyuma ambao miaka yote ulikuwa wazi. Mtu akipita njiani akakohoa, mama alisimamisha kazi hadi nyayo zipotee. Usiku sikumsikia akilia, ila asubuhi nilimkuta amesimama kwenye mibuni ya juu, ile aliyoipanda na baba mwaka walipooana, akiishikashika matawi. Mibuni hiyo ndiyo iliyotusomesha na kutuvisha. Bila kipande kile cha juu tungebaki na nyumba na ndizi za kula.

Jirani yetu wa upande wa juu alikuwa baba mkubwa, Ta Byabato, kaka yake baba. Alikuja kila jioni, akaketi kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni, akatafuna buni alizokaribishwa na kusimulia visa vya marehemu hadi mama akacheka. Aliniletea miwa na karanga. Alikuwa na desturi ya kuniuliza maoni yangu kuhusu mvua, nami nilijiona mtu mzima. Nilimpenda sana. Baba mdogo Muganyizi alikuwa habari nyingine. Alikuwa ameishi visiwani kwa miaka mingi akivua, akarudi baada ya mazishi na begi moja lililonuka dagaa, akaingia kwenye kijumba cha marehemu bibi chini ya kibanja bila kumwambia mtu atakaa hadi lini. Watu wa kilimani hawawaamini watu wa visiwani, wanasema huko hakuna ukoo wala aibu. Alikuwa mkavu wa maneno. Hakuniuliza maoni yangu kuhusu chochote.

Kisha wakaja watu wa kutembea. Walitoka Bukoba mjini siku za mapumziko, wamevaa viatu vizito na kofia, na shughuli yao ilikuwa hiyo tu, kutembea. Walianzia kwenye kanisa la zamani lililojengwa enzi za Wajerumani, wakapanda katikati ya mikaratusi ya misheni, wakatokea kwenye rweya mahali wazee wa kale walipoyeyushia chuma, wakaingia msituni hadi kwenye jabali lenye michoro myekundu, na mwisho wakafika kwenye ukingo wa mwamba unaotazama ziwa. Halafu walirudi. Hawakubeba kuni, hawakuteka maji, hawakwenda kumwona mgonjwa. Kwetu mtu mzima hapandi kilima bure, kwa hiyo kila mtu alijua wanaficha kitu. Wengine walisema wanatafuta mali walizozika Wajerumani, wengine wakasema madini. Na aliyewaongoza, kwa kuwa alizijua njia zote tangu utotoni, alikuwa baba mdogo.

"Mtu anayetembeza wageni juu ya shamba la watu," mama alisema, "anatafuta mnunuzi."

Jumamosi iliyofuata aliniambia niandamane nao, nijidai natafuta kuni. Nilijifunga kanga kiunoni, nikachukua kamba, nikawasubiri kwenye mikaratusi. Kiongozi wao alikuwa Bi Zuhura, mama wa Kiislamu mwenye duka la vitambaa mjini, mnene kidogo lakini mwenye pumzi kuliko vijana wake wote. Aliponiona alitabasamu akanishika mkono.

"Njoo tutembee sote, mwanangu. Njia haina mwenyewe."

Maneno hayo yalinichoma. Njia ile ilipita juu ya kibanja chetu, na huyu alikuwa anasema haina mwenyewe. Niliyaweka akilini nimpelekee mama.

Ushahidi ulikuwa mwingi kuliko nilivyotarajia. Kila mmoja wao alitembea na fimbo mbili za chuma zenye namba ubavuni, kama rula. Kijana mmoja alikuwa na kidude mkononi ambacho alikitazama kila tulipopinda, akisema "tumepanda sana" au "bado kidogo". Pale kwenye rweya, majani yakinuka moto wa juzi, waliokota mabonge meusi mazito wakayapima uzito viganjani. Baba mdogo aliwaeleza kwamba hayo ni mavi ya chuma, kwamba wazee walichimba mashimo hapo, wakayajaza majani na mkaa, wakavukuta mivukuto hadi udongo mwekundu ukatoa chuma cha majembe. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho. Kijana mmoja akataka kutia bonge kwenye begi.

"Liache lilipokuwa," baba mdogo akamwambia.

Nikaona waziwazi: anajiwekea mwenyewe.

Msituni kulikuwa na baridi, na ardhi ilikuwa laini kwa majani yaliyooza. Tulipofika kwenye jabali wote waliinua nyuso. Juu yetu, chini ya kofia ya mwamba, walisimama watu wembamba wekundu na ng'ombe wenye pembe ndefu, waliochorwa na mtu asiyejulikana. Wenzake wakipiga picha, Bi Zuhura alisogea pembeni mpaka pale miti inapofunguka, akatoa mfukoni kidude cha duara chenye sindano, akakizungusha taratibu, akatazama upande wa kijiji chetu. Akatandika kitambaa. Akainama, akasujudu, akainuka, akainama tena. Nilijua kwamba Waislamu wanaswali, nilishawaona msikitini Muleba. Sikujua kwamba swala inahitaji dira. Nilisimama nyuma ya mti, nikifuata mstari wa pua yake kuteremka mlima, na mstari ule uliishia kwenye paa letu.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa ndani ya gunia alilobeba baba mdogo. Kila tulipofika panda ya njia alilitua, akatoa kipande cha mulamula, akachimba kwa panga, akakisimika na kukikanyagia udongo. Wale wageni walipita tu wakimshukuru. Mimi nilihesabu kila kipande. Kwenye panda ya mwisho, juu kidogo ya mibuni yetu, nilijikaza nikamuuliza anafanya nini.

"Naweka alama, watu wasipotee wakija peke yao."

"Si ungepaka rangi kwenye mawe?"

"Rangi wataikwangua. Kigingi watakitia jikoni." Akafuta panga kwenye majani. "Mulamula nani ataung'oa?"

Nililibeba jibu hilo hadi nyumbani bila kuni hata moja. Mama alikuwa anamenya ndizi. Nilimweleza yote, fimbo za kupimia, dira, njia isiyo na mwenyewe, na kila kipande kilichosimikwa. Alisikiliza hadi mwisho, kisu kimesimama.

"Amesema hivyo? Nani ataung'oa?"

"Ndiyo, mawe," nikamjibu, kama Wahaya tunavyowaita mama zetu.

"Basi amesema mwenyewe."

Siku zile kilima kizima kilichemka. Mtu aliyekwenda kukata majani ya kuezeka alikuta mulamula mbele yake akarudi mbio kuuliza ni nani aliyemega rweya, maana rweya ni malisho ya wote. Vijana waling'oa milamula kadhaa. Mwenyekiti alimwita baba mdogo, naye akajibu kwamba ni alama za njia, akaulizwa tangu lini mulamula ukawa alama ya njia. Nikimfikiria leo naona alifanya kosa ambalo Mhaya peke yake angelifanya. Alitaka alama ambayo hakuna mtu wa kwetu angethubutu kuigusa, akachagua ile ambayo hakuna mtu wa kwetu angeweza kuivumilia. Lakini hiyo ni akili ya sasa. Wakati ule nilimwona mwizi anayefanya kazi mchana.

Baba mkubwa hakumsema vibaya, na hilo ndilo lililomfanya aaminike. "Mimi sitaki kumhukumu mdogo wangu," alisema jioni moja, akizungusha buni mdomoni. "Ila wewe, Mama Koku, fungua macho. Mtu aliyezoea maji hajui thamani ya udongo, na asiyejua thamani yake anauza upesi."

Kuna siku baba mdogo alikuja kwetu. Alipiga hodi, akavua kofia, akasimama mlangoni akingoja. Kwetu mgeni anakaribishwa kwa buni kavu za kutafuna, hata awe adui, na mpaka atafune hazungumzi jambo lake. Kikapu kidogo cha buni kilikuwa mezani, hatua chache tu. Mama hakukigusa. Aliulizia hali ya kijumba, akasema mvua inakuja, akasimama. Baba mdogo alikitazama kile kikapu, akanitazama mimi, akavaa kofia yake. Nilijisikia vizuri, nilidhani tumemshinda.

Ilikuwa Jumapili, watu wako kanisani, mama alipogundua milamula mingine. Hii haikuwa kwenye panda wala kwenye njia. Ilikuwa safu, imenyooka, upande wa juu wa mibuni yetu, kati yetu na shamba la baba mkubwa. Vipande vibichi, udongo bado mweusi pembeni. Mama aliifuata safu mwanzo hadi mwisho. Wazee wa ukoo walikuwa wanatarajiwa wiki hiyo.

"Muganyizi anawamegea wanunuzi wake ukingo wetu wa juu, anataka wazee wakija waikute imeshasimama," alisema. "Lete jembe."

Kuung'oa mulamula wa mpaka wa shamba kwetu ni kosa zito. Anayefanya hivyo anatozwa mnyama na pombe, na akiwa mwanamke aliyeolewa anaweza kurudishwa kwa wazazi wake. Mama alijua. Aling'oa wa kwanza, akang'oa wa pili, nami nikivibeba vipande kwenye kikapu. Udongo ulikuwa laini kupita kiasi. Kwenye shimo la tatu jembe liligonga kitu kigumu. Mama akapiga magoti, akachimbua kwa mikono, akatoa mzizi mnene, mzee, wa rangi ya chungwa, uliokatwa juu kwa panga. Shimo lililofuata lilikuwa na mzizi kama huo, na la baadaye vilevile.

"Mawe, hii ni ya nani?"

"Ni ya zamani."

"Nani aliikata?"

Alishika jembe tena. Uso wake ulikuwa umejaa Muganyizi, hapakuwa na nafasi ya swali jingine. Alisema mulamula ukiachiwa mzizi unachipua, kwa hivyo akaichimbua yote, mpaka ile iliyozama hadi kiwiko, akaisomba pamoja na vipande vipya na kuvitumbukiza kwenye shimo la choo, mahali ambapo havitaota kamwe. Kengele ya kanisa ililia tukiwa tunanawa. Nilimwonea fahari mama yangu siku hiyo.

Wazee walikuja katikati ya wiki. Walikula, wakanywa rubisi kidogo ya heshima, wakatembea mpaka wa chini, kisha wa pembeni, wakiafikiana. Walipofika juu, baba mkubwa alisema kwa ile sauti yake laini kwamba mpaka hapo haukuwahi kuwekwa alama kwa kuwa yeye na marehemu walikuwa ndugu wasiogombana, ila anavyokumbuka mstari ulipita chini ya mibuni, wala si juu. Alipokuwa akisema nilimwona mama akigeuka kumtazama. Nilikuwa nimeushika mkono wake, naye akauchomoa.

Baba mdogo alikuwa nyuma ya kundi. Akasogea mbele.

"Waitu, wazee wangu, alama ilikuwepo. Marehemu na mimi tuliiotesha tukiwa vijana, baba yetu akisimamia. Nimerudi kutoka visiwani nimekuta imekatwa usawa wa ardhi na kufunikwa majani. Nikarudishia mingine kwenye mashimo yaleyale. Kama hamniamini, chimbeni. Mizizi ya zamani iko chini."

Wazee wakatazamana. Mmoja akachukua jembe. Alichimba hapa, akachimba pale, akachimba mahali ambapo udongo ulionekana kutifuliwa, akainua mikono mitupu. Baba mdogo alimnyang'anya jembe akachimba mwenyewe, mpaka jasho likamtoka kidevuni. Hapakuwa na mzizi. Palikuwa na mashimo, udongo, na siafu waliofadhaika.

"Na hiyo uliyorudishia iko wapi?" mzee mkubwa akamuuliza.

Akainua kichwa. Alitazama kucha za mama, ambazo bado zilikuwa na rangi ya chungwa ya mizizi ile, kisha akamtazama usoni. Nilielewa wakati huohuo alipoelewa yeye. Neno moja tu lingetosha: angesema ni huyu, wazee wangeuliza, mimi nilikuwa mtoto nisiyejua kuficha uso, na shimo la choo halikuwa mbali. Mipaka yetu ingerudi mahali pake, ila mama angefungasha nguo zake siku hiyohiyo.

"Labda ng'ombe wameila," baba mdogo akasema.

Wazee walicheka. Walicheka kweli, mpaka mmoja akafuta macho, maana hata mtoto wa kwetu anajua hakuna ng'ombe anayekula mulamula. Mzee mkubwa alimwambia kwamba visiwani kumemsahaulisha hata mimea ya kwao, na kwamba asirudie kucheza na jambo la ukoo. Mpaka ukapita chini ya mibuni. Tulibaki na nyumba, makaburi na migomba ya ndizi za kula, na baba mkubwa jioni hiyohiyo alituletea kikapu cha samaki.

Aliendelea kutuletea vitu hadi alipozeeka, na sijawahi kumuuliza ni nani aliyeikata milamula ile ya zamani. Mara nyingine nadhani ni yeye, nakumbuka karanga zake naziona kama malipo. Mara nyingine nadhani kweli alisahau. Na kuna siku, sina haja ya kuficha, namshuku hata baba mdogo, kwamba pengine mizizi ile ilikuwa ya mpaka mwingine wa zamani zaidi na yeye aliutumia tu. Nikifika hapo najichukia, lakini nafika.

Watu wa kutembea walikuja mara moja tena. Bi Zuhura alifika hadi uani kwetu kuuliza habari za kiongozi wao, maana alama zote zimeng'olewa na vijana wake wamezunguka msituni hadi alasiri bila kuliona jabali. Mama alimkaribisha vizuri, akampa maji. Alimwambia kwamba shemeji yake anajiandaa kurudi visiwani, na kwamba njia ile sasa inapita kwenye shamba la mtu mwingine. Bi Zuhura alishukuru akaondoka, na mimi nikaona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa mwanamke aliyechoka tu, mwenye vumbi kwenye baibui.

Asubuhi baba mdogo alipoondoka alipita kuaga, begi begani. Safari hii hakuvua kofia wala hakungoja mlangoni. Alisimama uani. Mama alitoka, akasimama mbele yake akipangusa mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na maji.

"Ungeniambia, shemeji. Neno moja tu," mama akasema.

"Ungeniamini?"

Nilingoja mama ajitetee. Alikuwa hodari wa kujitetea, na sababu zilikuwepo nyingi, hata mimi ningeweza kumtajia.

"Hapana," akasema. "Nisingekuamini."

Baba mdogo aliitikia kwa kichwa, akanigusa utosini, akashika njia ya kuteremka barabarani. Mama alisimama palepale mpaka alipopotea kwenye migomba ya jirani. Kisha akanishika bega kwa nguvu, akaniambia nimkimbilie, nimwambie arudi. Nilikimbia peku mteremko mzima nikimwita, na nilipofika barabarani gari lilikuwa limeshapita naye.